Mantu za Hajja Safiya

Truphena Nekesa alitoka Webuye kwa mkataba wa miaka miwili wa kazi za nyumbani Riyadh. Mwezi wa tatu, bosi wake, Idris, alimpeleka Jeddah, mtaa wa Ruwais, akamtunze mama yake mzee, Hajja Safiya.

Hajja alikuwa Msaudi kwa karatasi, lakini majirani walimwita Mchina. Babake alitoka Uchina kwenda kuhiji, akamchukua bintiye akiwa na miaka sita, mkewe akabaki. Huko Uchina vita vikageuza serikali, njia ya kurudi ikafungwa. Sasa Kichina chake hakikuwa na wa kukijibu. Alimwambia Truphena hivyo hivyo, wakikunja mantu: unga mwembamba, nyama ya kondoo na vitunguu ndani, vikunjo kumi na viwili, kisha mvuke.

Mikono ya Hajja ilipoanza kutetemeka, Truphena akawa anakunja peke yake. Alikunja vizuri mno. Hilo ndilo lililomponza.

Mkataba ulipoisha aliomba kibali cha kutoka nchini, arudi kwao. Idris akakataa kwa simu: "Mama hali chakula cha mtu mwingine. Subiri."

Alisubiri miezi kumi na moja. Hakuruhusiwa kutoka nje. Bahari iliyokuwa karibu aliijua kwa harufu tu. Mamake alizikwa Webuye, naye akatazama mazishi kwenye simu.

Hajja alimkuta jikoni akilia juu ya unga. "Mbona hukwenda kumzika?"

"Bosi amenizuia, Hajja. Kibali mafi, hakuna."

Hajja akausogeza unga kando. "Mamangu alinisubiri kule mpaka akafa," akasema.

Tangu siku hiyo Hajja hakula. Siku ya tatu Idris akafika kutoka Riyadh, na mamake akapiga meza. "Mpe karatasi zake! Halas, basi!"

"Nitampa," Idris alisema, "akishamfundisha mwingine."

Mwingine alikuja baada ya wiki mbili: Magdaline, msichana wa Bungoma, mcheshi, mwepesi wa mikono. Siku ya nne alikunja mantu zisizo na kasoro. Hajja akaonja, akatabasamu.

Truphena alipokuwa akifunga begi alimnong'oneza Magdaline: "Dada, usiijue sana hii kazi."

Magdaline alicheka, akadhani ni wivu. "Na vile madam ananipenda!"

Truphena alitaka kumweleza, lakini dereva alikuwa akipiga honi, naye aliogopa Idris asibadili nia. Akatoka.

Mkataba wa Magdaline uliisha Februari. Bado yuko Ruwais.