Shati la Mwezi wa Kumi na Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa shati jipya, tofali na kikunio cha chuma, nikaambiwa nisilitue shati lile mpaka lionekane limevaliwa mwaka mzima. Nilidhani nafanyiwa mzaha kwa ugeni wangu. Kwetu Unguja fundi akitoa nguo yenye uzi mmoja uliokaa vibaya husemwa mtaa mzima, na hapa mtu mzima na akili zake ananilipa niiharibu. Nililikuna kwa aibu, jicho langu liko mlangoni nisije nikaonekana.

Warsha ilikuwa ya jumba moja la michezo ya kuigiza hapa London, kusini mwa mto. Mimi na Mama tulitoka Unguja baada ya Mapinduzi, tukakaa Mombasa, tukaishia chumba kimoja Ilford. Nyinyi vijana mnaojifunza kazi hii, mliozaliwa huku, mnaosemeshwa Kiswahili mkajibu Kiingereza, msidhani tulikuja kutembea. Nilikuwa nimefagia maofisi mpaka mgongo ukanikataa. Warsha walinichukua kwa majaribio: mchezo mmoja ukipita salama naajiriwa, ukiharibika narudi kwenye ufagio. Nami nilikwishaapa kwamba ufagio wa mtu siushiki tena.

Mchezo wenyewe ulisimulia mwaka wa kwanza wa koloni la wafungwa. Zamani Waingereza waliwapakia wezi wao melini, wakaenda kuwatupa ng'ambo, kwenye nchi yenye wenyewe. Mwanzoni wanashuka na mahema yao. Kisha mbegu zinakauka ardhini, mashoka yanavunjikia kwenye miti migumu, mtu anachapwa viboko kwa kuiba unga, posho inakatwa nusu. Mwisho wa mwaka wote wako ufukweni wanaingoja meli ya chakula isiyofika. Kila mwigizaji alikuwa na mashati manne ya mkato mmoja, kila moja limechakaa kuliko la kabla yake, ili watazamaji wauone mwaka ukipita.

Aliyenifundisha ni Mkata Nguo Mkuu, mzee wa Kiingereza aliyechomeka sindano kifuani mwa koti lake utadhani ni nishani.

"Mwaka hauonekani," aliniambia. "Kinachoonekana ni kiwiko. Huyu mfungwa anabebea magogo bega gani?"

"La kulia."

"Basi mbona umeyachakaza yote mawili?"

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi. Kuchakaza si kuchana, kuchana hata mbuzi anajua. Unaanza na msasa, kuuondoa upya wa kitambaa. Weupe unauua kwa chai ya rangi iliyokolea. Kikunio ni cha viwiko na magoti, tofali ni la pindo. Jasho la shingoni hutengenezwa kwa nta iliyochanganywa na rangi ya unga. Mifuko unaitia mawe, unalilowesha vazi na kulitundika, likauke limelegea kama lililobeba shida za mwenyewe. Tundu huja mwisho, tena pale tu ambapo mwili wa mtu ungelitoboa.

Juu yetu sote alikuwapo Msimamizi wa Mavazi, mama mrefu asiyecheka ila kwa sababu maalumu. Yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya ajira yangu. "Hapa hatumpendezeshi mtu," alikuwa akisema, na mimi nikiitikia.

Sasa niwaambie habari za Mama. Mama alikuwa fundi wa kofia za mkono, na watu walitoka mitaa ya Ng'ambo hadi Mji Mkongwe kuja kumwagiza kofia za Idi. Siku walipokuja kumchukua kaka yangu Nassor, baada ya Mapinduzi, alikuwa akimshonea yake. Walisema wanamhoji tu, atarudi. Mama aliichomeka sindano kitambaani, akainuka kuwafungulia mlango, na tangu hapo hakushika sindano nyingine, si Unguja, si Mombasa, wala London. Hata kifungo chake kikidondoka alinipa mimi. Kutwa alikaa kitandani akitazama ukuta wa jirani. Nilikuwa na umri wa kuolewa na kucheka, na niliishi na mama aliyekuwa hai nusu. Iliniuma, na niwe mkweli, wakati mwingine ilinikasirisha.

Ijumaa moja nilikwenda na shati nyumbani kulimalizia kwa mkono, kwa kuwa Jumatatu ilikuwa mazoezi ya mwisho yenye mavazi kamili. Lilikuwa shati la mwezi wa kumi na mbili la mfungwa mkuu, kazi yangu bora kuliko zote: kola nyeusi ti, bega la kulia limetoboka, mgongo umefifia kwa jua ambalo London haina. Jumapili nilitoka kununua mchele. Niliporudi nililikuta limetundikwa dirishani, jeupe pe, limepigwa pasi na wanga, na begani lina kiraka. Kingo zake zilitililiwa, yaani uzi umefumwa ndani ya uzi, hata ukipitisha kidole huoni palipoanzia.

"Mama, umefanya nini?"

"N'mefua. Ulitaka n'liwache vile? Linanuka, limetoboka! La nani shati hili?"

"La mfungwa, Mama. Mfungwa wa mchezo tu."

"Ndo mfungwa hana mama?"

Nilifungua kinywa nimgombeze, nikauona mkono wake. Kidoleni mwake ilikuwamo tondoo yangu ya kukingia sindano, na sindano bado ina uzi. Nilikaa sakafuni na mchele wangu, nikalia. Mama akaniuliza kama shati lina gharama kubwa kiasi hicho.

Jumatatu nililiweka mbele ya Msimamizi kama lilivyo. Kuficha sikujua, na shati jeupe halifichiki.

"Hii nini?"

"Limefuliwa kwa makosa. Kabla ya chakula cha mchana nitalirudishia uchafu wake wote."

"Na kiraka?"

"Kiraka kinabaki."

Alinitazama kama niliyemtukana. "Mwongozaji anataka bega lionekane wazi. Kifumue. Nani amekishona?"

"Mama yangu."

"Mama yako hajaajiriwa hapa."

"Hata mimi sijaajiriwa," nikamwambia. "Ukitaka nifukuze. Lakini hicho sikifumui, na shati jingine halipo."

Nilijua nikikifumua, Mama atauliza, na mimi kwa Mama sijawahi kuweza uongo. Msimamizi aliitazama saa ya ukutani, akanisukumia kikunio. Nililishambulia lile shati kwa msasa, chai na nta mpaka kucha zikavuja damu. Mchana mfungwa alikuwa mchafu kuliko mwanzo, na kiraka kimechakaa pamoja naye, kama kilichoshonwa mwezi wa saba. Mwongozaji sidhani hata alikiona. Msimamizi aliniajiri wiki iliyofuata, akanionya kwamba nikimjibu vile tena nitaokota koti langu. Alisema ananiweka kwa sababu hajamwona mtu mwingine wa kuchafua shati kwa nusu siku. Hakuwahi kukisifu kiraka, na mimi sikumngoja akisifu.

Nilipewa tikiti mbili za onyesho la mchana. Mama alikuja na buibui lake chini ya koti zito, akakaa wima. Kiingereza hakukijua, ila njaa haihitaji mkalimani. Ilipofika miezi ya posho nusu alianza kuvuta uradi. Mwisho yule mfungwa alisogea mbele peke yake, akatupa mgongo, akatazama kule ambako meli ingetokea. Mama akasema, kwa sauti yake kamili:

"Huyo keshatiwa kiraka. Wangu nani kamtia?"

Watu waligeuka, mmoja akatuonya kwa kidole mdomoni. Sikumnyamazisha Mama. Nilimshika mkono tukakaa hivyo mpaka taa zikawashwa. Kesho yake asubuhi alivaa viatu kabla yangu, akauliza mji huu kitambaa cheupe kinauzwa wapi.

Kazi ile nimeifanya mpaka nikastaafu, na mwisho nilikikalia kiti cha Mkata Nguo Mkuu. Siku hizi mna dawa za kupuliza na mashine za kuchubua, mnamaliza kwa saa moja tuliyoyafanya kwa wiki. Sawa, tumieni. Ila kabla hujagusa vazi la mtu, jiulize amefanya nini ndani yake mwaka mzima. Hilo halipulizwi.

Mama alimshonea Nassor kanzu moja kila Idi mpaka yeye Mama alipofariki. Nassor hakurudi, na hakuna aliyetuambia alilala wapi. Jamaa wananishauri nizitoe sadaka, nami nawajibu bado. Nilipozipanga kitandani mara ya kwanza niliziona zote kwa pamoja, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na nikaona alivyokuwa akizikata. Ile ya kwanza ni ya kijana mwembamba. Kisha mabega yanapanuka kidogo, kiuno kinaachiwa, shingo inaongezwa. Ya mwisho ni fupi kidogo, ya mzee aliyeanza kuinama, na ina nafasi ya tumbo.