Kijiti cha Salfa

Miaka ya mwanzo ya uhuru nilitoka kisiwani kwetu Nosy Be kwenda mji wa Mahajanga kufanya kazi na mjomba wangu, kaka yake mama, katika kiwanda cha barafu karibu na bandari. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza sekondari, na sikujua ninataka nini. Sasa nimevuka arobaini, nimehama miji mingi, na bado sijui.

Barafu ile ilitengenezwa kwa amonia. Ilizunguka ndani ya mabomba, na ikitoka nje inachoma macho na kukaba koo. Kazi ya mjomba ilikuwa kuukamata uvujaji ungali mdogo. Aliwasha kijiti kilichopakwa salfa, akakipitisha polepole kwenye kila kiungo cha bomba. Palipovuja, moshi mwembamba wa salfa uligeuka mweupe, mzito kama tui. Kiungo kizima alikitia alama ya chaki. Asubuhi mara moja, alasiri mara moja. Mlangoni kilining'inia kipande cha reli na nyundo yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kengele yetu ya hatari. Pua usiitegemee, alinifundisha. Ukikaa humu wiki mbili inazoea, haikuambii kitu tena.

Ramadhani ilipoingia, mjomba aliweka kijiti chini. Kuvuta moshi kwa makusudi kunabatilisha saumu, ndivyo tulivyofundishwa katika chuo cha Kurani, na kijiti kile huwezi kukishika bila kuvuta moshi wake. Alimpa kazi hiyo mwendesha kompresa, mashine iliyosukuma amonia mabombani; alikuwa Msakalava asiyefunga.

"Lete hapa, baba," alisema yule. "Tumbo langu limejaa muhogo. Moshi hautakuta nafasi."

"Jaza tu," mjomba akamjibu. "Siku ya Idi usije kwangu kunusa pilau."

"Nitakuja na kijiti, nipime sufuria kama linavuja."

Mimi sikuwa nafunga. Kila mchana nilikwenda upande wa barabara ya Belobaka, kwa mama mmoja aliyechoma muhogo, nikala nimeelekea ukutani. Kisha nilipangusa midomo, nikarudi kulalamika kiu pamoja na wenzangu. Sikuwa na sababu kubwa. Njaa tu, na uvivu wa kusema.

Katikati ya mwezi, mwendesha kompresa alifiwa huko kwao Katsepy. Kabla ya kwenda kupanda feri alinivuta pembeni, akanitia vijiti vitatu mfukoni.

"Mdogo wangu, midomo yako haikauki kama ya hawa," alisema. "Mimi na wewe tunajuana. Pima."

Lakini mjomba naye alikuwa ameshaniagiza. "Kijiti acha, mpwa, usiharibu saumu yako. Sogeza pua karibu sana, kiungo kimoja kimoja, taratibu."

Ningewasha, angejua kwamba sifungi. Kwa hiyo sikuwasha. Siku ya kwanza nilisogeza pua, sikusikia kitu. Siku ya pili nilisogeza kidogo. Siku ya tatu nilipita na chaki tu, nikatia alama mkono ukiwa umenyooka, kama mtu anayehesabu nguzo.

Alasiri ya siku hiyo macho yalianza kunitoka machozi. Nyuma ya tangi la maji ya chumvi la kugandishia barafu kulikuwa na wingu jeupe linalotambaa sakafuni. Lilitoka kwenye kiungo chenye chaki yangu. Nilikimbilia mlangoni nikagonga reli. Niligonga sana. Watu walitoka wote, wakasimama uani upande unakotoka upepo, na mimi niliendelea kugonga wakati hakuna tena wa kumwita.

Mjomba alilowesha kitambaa, akajifunga puani na mdomoni, akaingia kufunga vali. Aliifunga. Alipotoka alikuwa anapapasa ukuta.

Tulimlaza kwenye benchi, nikammwagia maji machoni, ndoo baada ya ndoo. Muda wote midomo aliibana. Maji yalimfika puani akayapuliza nje kwa nguvu. Nilichukua muda kuelewa. Alikuwa anailinda saumu yake.

Msimamizi alikuja akauliza kwa Kifaransa nani alipima. Mimi nilishika ndoo.

"Kosa langu," mjomba alisema, macho amefumba. "Nilimkataza kijiti. Kijana amefunga."

Vijiti vitatu vilikuwa mfukoni mwangu. Nilivihisi pajani kila nilipoinama.

Jicho moja lilikufa. La pili likabaki na vivuli. Alirudishwa Nosy Be, na mimi nikaondoka Mahajanga kabla ya mwaka kwisha: Diego, Moroni, Unguja, Tanga. Popote nilipokaa nilikumbuka nyumbani, na nilipokumbuka sana nilihama tena.

Mwaka jana nilirudi kumwona. Alikuwa amekaa kibarazani, kofia kichwani. Kiwanda cha kuchemshia maua ya langilangi ili kutoa mafuta hakiko mbali na nyumba yake.

"Wamewasha?" aliniuliza. "Unasikia harufu?"

Tangu kile kiwanda cha barafu pua yangu haisikii sawasawa. "Wamewasha," nikasema. "Nzuri kweli."

Alicheka kidogo. "Leo Ijumaa. Hawajawasha. Wewe siku zote unapima kwa mdomo."

Nilikaa chini karibu na miguu yake. Nikamwambia habari ya muhogo, ya ukuta wa Belobaka, ya vijiti, ya chaki. Nilisema yote kwa sauti moja, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Nilingojea nisikie kitu ndani yangu, aibu au nafuu. Hakikuja.

Vidole vyake vilisugua goti.

"Kumbe hukuwa umefunga," alisema.

"Sikuwa nimefunga, mjomba."

"Sasa si ungewasha, mwanangu."

Baadaye kidogo alinyoosha mkono hewani, kando kidogo ya mahali nilipokaa, ili nimwongoze kwenda kutawadha. Nilisogea hadi mkono ulipokuwa, nikaushika.