Jina la Ukoo

Tupokigwe alikuwa akifuta vumbi kwenye rafu za maktaba ya shule, huko Chanika, pale Mwalimu Mkuu Demetria alipoingia na mtaalamu wa kompyuta. Mtaalamu mwenyewe alikuwa Brightson, mdogo wake Tupokigwe wa tumbo moja.

Alimtambua kwa kisogo, kabla hajageuka. Kisogo kile alikiogesha yeye. Tupokigwe hakukaa darasani hata siku moja. Baba alisema mtoto hana wa kumbeba, Tupokigwe akambeba. Mtoto alipokua, dada akakaanga vitumbua vya kuuza, akamsomesha mpaka chuo. Brightson alipopata kazi na nyumba Tegeta, simu zikawa zinaita tu, hazipokelewi. Habari za harusi yake dada mtu alizisikia kwa majirani.

"Shikamoo, mama," Brightson alisema.

Mama. Kama anavyoamkiwa muuza mchicha yeyote. Tupokigwe akaitikia marahaba, akaendelea kufuta.

Asubuhi nzima Brightson alieleza programu yake. Kila kitabu kingebandikwa stika yenye mistari, kingemulikwa na skana, na kompyuta ingejua kiko kwa nani na kinarudi lini. Mwalimu Demetria alifurahi, akatania kwamba walimu wanaokaa na vitabu mpaka vinaota ukungu sasa wameumbuka. Kisha akasema na huyu mama aingizwe humo, maana ndiye atakayevipokea vinavyorudi.

Brightson akavuta kiti. "Jina la kwanza, mama?"

"Tupokigwe."

Aliliandika bila kuuliza herufi hata moja, jina ambalo shule nzima ililikosea. La baba akaliandika bila kuuliza kabisa. Hapo akashtuka, vidole vikasimama.

"La ukoo?"

Tupokigwe aliona kwamba akinyamaza sasa, amenyamaza moja kwa moja.

"Andika lako," alisema.

Mwalimu Demetria alicheka. Brightson akaandika Mwasyeba, jina lake mwenyewe; Mwalimu akainama kusoma kioo cha kompyuta, akaacha kucheka. Akauliza kama ni ndugu.

Brightson hakuinua macho. "Kwetu Rungwe akina Mwasyeba ni wengi, madamu."

Mwalimu akamgeukia Tupokigwe, akangoja. Tupokigwe aliitafuta hasira aliyoitunza miaka yote ile, hakuiona. Machozi nayo hayakuwepo. Mkononi alikuwa bado ameshika kitambaa cha vumbi.

"Ni wengi kweli," alisema, akaomba aonyeshwe hiyo skana inashikwaje.