Neno la Rangi Nyekundu Machimboni

Mji ule haukuwa na jina kwenye ramani yoyote niliyopata kuiona. Nyumbani kwetu Wattaya, mtaa wa Maskati, tuliuita "kule mawe". Ulikuwa jangwani, mwendo wa saa nne kwa gari kutoka Maskati, na baba alikaa huko wiki nzima akisimamia ukataji wa marumaru. Alhamisi na Ijumaa ndizo zilizokuwa zetu, naye hata siku hizo alizitumia zaidi kulala.

Nilianza kumfuata huko katikati ya miaka ya tisini, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Maskati ilikuwa ikijengwa kwa pupa, na kila jengo jipya lilitaka sakafu inayong'aa. Waya wa chuma ulizunguka mchana kutwa ukilikata jabali, mpira wa maji ukiupoza, mpaka bonge la jiwe kubwa kama chumba lijitenge na kuanguka juu ya kitanda cha mchanga. Kambi ya mabati iligeuka mji pasipo mtu kuamua. Ikajengwa nyumba ya matofali ya msimamizi, ambaye ndiye baba, kisha msikiti, kisha mkahawa wa Mmalabari, Mhindi wa kusini, na chumba cha kinyozi. Alikuwapo pia dobi aliyepigana na vumbi jeupe na kushindwa kila siku. Wafanyakazi, wengi wao Wapakistani, walimwita baba arbab, yaani bwana mkubwa, naye alikuwa akicheka.

"Bwana mkubwa gani! Mimi nna vumbi mpaka kwenye meno."

Alicheka, lakini alilipenda neno hilo. Alizaliwa Unguja na kufika Oman akiwa mtu mzima, na Maskati watu walikitabasamia Kiarabu chake. Kule mawe hakuwapo mtu mwenye Kiarabu cha kutosha kumcheka.

Siwezi kutaja siku mji ule ulipoanza kufa. Jabali lilianza kutoa mawe yenye nyufa, na vigae vya kutoka nje vikajaa madukani. Kinyozi aliondoka kwanza. Mmalabari alifuata, na baada yake dobi, ambaye nadhani alishukuru. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kampuni ilimwita baba arudi Maskati asimamie ghala lake la vigae, hapa hapa Wattaya, mahali ambapo angeweza kwenda kwa miguu. Alipewa mpaka mwisho wa mwezi atoe jibu.

Kabla mwezi haujaisha alipiga simu kutoka ofisi ya machimbo. Sauti yake ilikuwa ya kijana.

"Mwanangu, khabari njema! Wamekuja watu wawili na gari, wamepaka rangi nyekundu kila mahali. Msikiti, tangi la maji, nyumba yangu. Wameandika mawquf. Mji mzima wameufanya wakfu! Sasa mimi n'takwenda wapi? Wakfu hauachwi bila mtunzaji."

Neno wakfu alilijua tangu utoto wake: mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, isiyouzwa wala kubomolewa. Hata Maskati alikuwa ameliona neno la Kiarabu mawquf, yaani kilichowekwa wakfu, limepakwa kwenye kuta za mali kama hizo. Kosa lake lilikuwa la mtu anayesoma kwa herufi za Kiarabu na kuelewa kwa Kiswahili. Maana katika Kiarabu cha ofisini, mawquf ni pia kitu kilichosimamishwa, kilichositishwa.

Mimi nilikisomea Kiarabu na wakati huo nilikuwa nakifundisha. Nilikwenda Alhamisi iliyofuata nikakuta neno lile msikitini na kwenye tangi, kisha nikaliona, kwa rangi ile ile na mwandiko ule ule, ubavuni mwa jenereta bovu. Hakuna mtu anayemtolea Mungu jenereta bovu. Nilisimama mbele yake nikaelewa kila kitu. Baba alikuwa akifagia msikiti, mikono ya kanzu ameikunja, akihesabu kwa sauti madirisha ya kutengeneza. Sikumwambia.

Nimejipa sababu nyingi tangu hapo. Nilisema moyoni kwamba nitamwambia wiki ijayo, akishapumzika. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kumsahihisha. Tangu shule ya msingi nilimsahihisha hospitalini na dukani, na kila mara niliona uso wake ukijifunga. Safari hii nilitaka mtu mwingine aifanye kazi hiyo. Mwisho wa mwezi ulipita, na ghala likapewa mtu mwingine.

Mama hakuelewa kitu. "Huyo babako kaoa jiwe," alisema. "Wafanyakazi wote wamekwishaondoka. Anamsimamia nani huko, majini?"

Miezi minane baadaye gari la maji la kampuni liliacha kwenda. Nilimfuata. Nilimkuta ameketi kizingitini na dumu tupu, midomo imempasuka.

"Wamesahau," alisema. "Hebu niandikie barua, uwaambie wakfu una haki ya maji."

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi, neno na maana zake mbili, kwa kuwa sikujua namna nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umejua lini?"

"Tangu Alhamisi ile ya kwanza, baba."

"Wakati ghala bado langu."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nifagie." Aliinuka kwa kujisukuma ukutani. "Haya. Bibi mwalimu."

Hakuwahi kuniita hivyo kabla. Alikusanya nguo zake, kisha akaenda msikitini na kutoka na mikeka mabegani, kwa kuwa, alisema, jumba lisipokuwa wakfu basi mikeka ya watu isiachwe ioze. Tuliifunga nyuma ya gari.

Tulipofika mjini aliniambia nipite msikiti mmoja wa mtaa wa Hamriya. Imamu alitoka, kijana mpole, akaitazama mikeka ile iliyokakamaa kwa vumbi la jiwe.

"Mzee wangu, Mungu akulipe kheri," alisema kwa Kiarabu. "Lakini sisi tuna zulia. Ukuta kwa ukuta. Misikiti yote siku hizi ina zulia."

Baba alibaki amesimama na mkeka mmoja mikononi. Kisha akanigeukia, akasema polepole, kwa Kiswahili ili yule kijana asielewe:

"Na hili nalo ulikuwa unalijua?"

Nilimwambia sikulijua, na huo ulikuwa ukweli. Akaurudisha mkeka garini, akauweka juu ya ile mingine kwa uangalifu, akakaa kiti cha nyuma, si kando yangu kama alivyokuja.