Dakika Kumi na Tano za Mama Ratiba

Kabla hajanawa uso, Mama Ratiba anafungua dirisha la jikoni na kutoa mkono nje. Mvua. Si ile ya kutisha, ni ile ya kuudhi, inayonyesha taratibu kama mgeni asiyetaka kuaga. Anaurudisha mkono, anaufuta kwenye gauni, kisha anavuta kiti na kukaa mbele ya simu, maana anajua kinachokuja.

Simu ya kwanza inaita chai haijachemka. "Mama, uwanja wetu umekuwa bwawa," kocha analalamika. Ya pili inaingia kabla hajamaliza na ya kwanza.

"Mama, tunacheza au hatuchezi?"

"Mnacheza, ila ukumbini."

"Saa ngapi sasa?"

"Niache nipange, baba. Mimi si jini."

Kwenye meza ya chakula ametandaza kitambaa cha plastiki kilichochorwa miraba kwa kalamu nene, na juu yake vimesimama vifungo vya rangi mbalimbali. Kila kifungo ni shule, kila mraba ni siku na uwanja. Vifungo ni mali ya mumewe, fundi cherehani, ambaye kila msimu hujikuta ameishiwa.

"Wateja wangu wanatembea vifua wazi ili mabinti wa watu wacheze mpira wa kikapu," anasema fundi huyo huku akimiminia mkewe chai.

Mama Ratiba ni karani wa ofisi ya elimu kwa mshahara, na katibu wa ligi ya mpira wa kikapu ya wasichana wa sekondari kwa adhabu, kama anavyosema mwenyewe. Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa. Posho anayopewa kwa msimu mzima haimtoshi hata nauli, na miguu imeshaanza kumvimba jioni. Amemwahidi mumewe kwamba msimu huu ndio wa mwisho.

"Watu wanadhani ligi ni mpira," anasema. "Ligi ni kubembeleza. Unambembeleza mwalimu mkuu atoe gari, unambembeleza mwamuzi atoe Jumamosi yake, unambembeleza mzazi amruhusu mtoto. Mpira wanacheza watoto. Mimi nabembeleza."

Msimu wenyewe ni mfupi. Shule zikifunguliwa, mvua; mvua ikikatika, mitihani. Katika kijinafasi hicho timu kumi na mbili lazima zikutane zote, kisha nne za juu ziingie fainali. Huko fainali ndiko wanakokuja makocha wa vyuo, wanakaa jukwaani na miwani yao, wanachagua wasichana wa kulipiwa masomo. Kabla ya hapo hawaji, hata uwatumie gari.

Na ipo sheria. Timu isiyokuwa na wachezaji watano uwanjani dakika kumi na tano baada ya saa iliyopangwa inapoteza mchezo, ishirini kwa sifuri, na wenzao wanapewa ushindi wa mezani. Ikirudia kosa, inaondolewa kwenye ligi.

Aliyeipendekeza sheria hiyo ni yeye Mama Ratiba.

"Zamani tulikuwa tunasubiriana mpaka giza linaingia," anaeleza. "Jioni moja msichana akagongwa na pikipiki akirudi kwao. Mguu ukavunjika mahali pawili. Nilikwenda kumwona hospitali, nikashindwa hata kumwangalia mama yake usoni. Nikasema basi. Mtoto wa mtu harudi tena gizani kwa sababu ya ratiba yangu."

Saa nne asubuhi yumo ukumbini. Ndio uwanja pekee wenye paa, na paa lenyewe ni la bati. Mvua ikikaza, filimbi haisikiki na mwamuzi hubaki kupunga mikono peke yake kama anafukuza nyuki. Wasichana wa shule ya bweni wanapasha misuli moto upande mmoja. Upande wa pili kikapu kinaning'inia, hakuna mtu.

Wanaosubiriwa ni wa shule ya machimboni, ile iliyo jirani na machimbo ya kokoto. Wako nafasi ya tatu. Nahodha wao ni msichana mfupi wa kidato cha nne anayeitwa Sindano kwa jinsi anavyopenya katikati ya majitu, na kila mtu kwenye ligi anajua kwamba asipoonekana fainali, masomo yake yanaishia hapo. Kila mtu anajua pia kwamba machimboni wameshachelewa mara moja msimu huu.

Simu inaita. Ni mwalimu wao wa michezo, anahema.

"Mama, gari limezimika. Tunakuja kwa miguu."

"Mmefika wapi?"

"Darajani."

Mama Ratiba anafumba macho. Kutoka darajani si mbali kwa gari. Kwa miguu, na hii mvua, ni habari nyingine.

"Kimbieni," anasema, anakata simu.

Mwamuzi, mzee mwenye goti bovu, anamtazama. Yeye anaitikia kwa kichwa, na saa ya mezani inaanza kwenda.

Dakika zinasonga. Kocha wa shule ya bweni, kijana mwenye heshima zake, anakuja kuinama karibu na sikio lake. Angeweza kukaa kimya na kuchukua pointi za bure, lakini hana raha.

"Mama, sakafu ikiwa na maji, mchezo hauanzi na hizo dakika hazihesabiwi, si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi naona pale kuna ndoo ya wafagiaji, imejaa. Watoto wanakimbia ovyo, mmoja anaweza kuipiga teke kwa bahati mbaya."

Mama Ratiba hageuzi hata shingo. "Mwaga, baba. Lakini mimi nina macho, na nitakachokiona nitakiandika."

Kijana anarudi kwenye benchi lake. Ndoo inabaki ilipo.

Alipoulizwa na gazeti hili kwa nini hakujifanya hajaona, aliigonga meza ya matokeo kwa kidole.

"Mwezi uliopita timu nyingine ilichelewa mara ya pili. Kocha wao, mwanamume mzima, alilia mbele ya meza hii, na nikawatoa. Leo nikamwambie nini? Kwamba hawa nawapenda zaidi? Na kweli nawapenda zaidi. Ndiyo maana siwezi."

Saa inalia. Mwamuzi anapuliza filimbi moja ndefu, Mama Ratiba anatia sahihi. Wasichana wa bweni wameshinda, machimboni wametolewa kwenye ligi, na hakuna hata mmoja anayepiga makofi.

Wino haujakauka, mlango unasukumwa. Wanaingia wote, wameloa chapachapa, viatu vya mchezo wamevikumbatia vifuani visilowe. Sindano yuko mbele. Anatazama saa, anatazama meza.

"Shikamoo, mama. Tumechelewa?"

"Marahaba. Mmechelewa, mwanangu."

"Sana?"

"Kidogo. Lakini mmechelewa."

Nyuma yake mmoja anaanza kulia kwa sauti, mwalimu wao anakaa sakafuni palepale. Sindano anautazama uwanja. Kisha anauliza swali ambalo Mama Ratiba anasema hajawahi kuulizwa miaka yote hiyo.

"Baada yetu uwanja una mtu?"

Mwenye jibu ni yeye aliyepanga vifungo. Mpaka mchana uwanja hauna mtu.

"Haitaandikwa popote," anamwonya.

"Sawa, mama. Tumeshakuja."

Kocha wa bweni anawainua wasichana wake bila kuambiwa. Mzee mwamuzi analalamikia goti, analalamikia mvua, analalamikia vijana wa siku hizi, na huku akilalamika anaokota mpira na kwenda katikati. Mama Ratiba anairudisha saa mwanzo, anakaa kitini pake na kuuhesabu mchezo wote, kila kapu na kila faulo, kwa umakini uleule. Watu waliokuwa wamejikinga mvua barazani wanaingia ndani. Mpaka mwisho hakuna mtazamaji aliyekaa.

Nani alishinda? Gazeti hili lilimuuliza.

"Andika ishirini kwa sifuri," alijibu. "Ndiyo matokeo."

Jioni, nyumbani, amezamisha miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Mumewe anashona upindo wa suruali na kumsikiliza. Sheria za ligi haziguswi katikati ya msimu. Hubadilishwa kwa kura, kwenye mkutano wa kufungulia msimu unaofuata. Mama Ratiba anataka kupeleka pendekezo: timu iliyotoa taarifa mapema na iko njiani, mchezo wake uhamishiwe siku nyingine, mchana, badala ya kuhesabiwa kuwa umepotezwa.

"Yaani mtu mwenye miguu hiyo ndiye anayejitafutia kazi zaidi," anasema fundi.

"Ndiyo."

"Na mkutano wenyewe ni mwakani."

"Na aliyejiuzulu hapigi kura," anasema mkewe, akitazama maji.

Fundi anakata uzi kwa meno. Hacheki, hagombi. "Haya. Nitanunua vifungo vingine."

Amechoka, na hafichi. Anasema akipata kura hizo ataondoka siku hiyohiyo, alale mpaka jua limkute kitandani. Kinachomuuma ni Sindano, ambaye mwakani atakuwa ameshamaliza shule. Alimwambia hivyo waziwazi pale mlangoni, wakati wasichana wakivaa viatu vyao vya kutembelea.

"Nilimwambia, mwanangu, nitaipigania, ila wewe haitakufaa kitu. Akaniambia, 'Najua, mama. Wewe ipeleke tu. Mdogo wangu anaanza kidato cha kwanza mwakani, na yule kwa kuchelewa hana mpinzani.'"