Wimbo wa dansi nilioupenda ujanani Bagamoyo, na siku bibi yangu alipousikia

Wakuu, nawasalimu wote humu jukwaani. Mlio chini ya miaka sabini, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa.

Naona uzi wa nyimbo za zamani unakwenda vizuri, kila mtu anataja bendi yake. Nami nilitaka niweke mistari miwili mle nipite, nikaona haitatosha. Nimefungua uzi wangu. Mods tafadhali msiuunganishe na ule.

Hili lilitokea nyumbani kwetu, na sijatia chumvi. Jina la bendi naliacha, na majina ya watu nimeyabadili isipokuwa moja, kwa sababu wajukuu wao wapo na huenda wanasoma humu.

Twende.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nimezaliwa Bagamoyo mjini, baba karani, mama fundi cherehani. Shule nilikuwa nimemaliza, nashinda na mama barazani. Yeye anashona, mimi napiga mapindo na kutia vifungo.

Kwenye rafu ndogo juu ya cherehani kulikuwa na redio ya baba yenye koti la ngozi. Betri zikichoka tunazianika juani, zinapata nguvu za siku mbili tatu tena. Vijana wa bluetooth mtanicheka, lakini waulizeni wazee wenu.

Mchana kulikuwa na kipindi cha nyimbo za kuchaguliwa. Nilikuwa na daftari la kuandikia mashairi ya nyimbo, kama wasichana wengi wa wakati ule. Tatizo hakuna kurudisha nyuma. Unawahi mstari mmoja, unasubiri wimbo upigwe tena wiki ijayo, unawahi mwingine.

Basi kulikuwa na wimbo mmoja wa bendi ya Dar. Gita linaanza peke yake, taratibu, halafu saksafoni inaingia kama mtu aliyechelewa. Kiitikio chake:

*Sikudhani, utaondoka mapema,*
*jua halijapanda, uji haujapoa.*

Mji mzima tuliuimba. Mwanamume ameachwa na mpenzi wake, anashangaa, hakudhani. Shoga yangu Zuhura alikuwa akiuimba huku amefumba macho, na mchumba hana.

Mimi niliupenda kuliko nyimbo zote. Ila ulinisumbua, na nilivyo mtu wa kudadisi ikawa tabu.

Kwanza huo uji. Mpenzi gani wa dansi anapikiwa uji? Nyimbo nyingine wanapeana mawaridi na barua, huyu uji.

Pili, ubeti wa mwisho. Ilinichukua karibu miezi miwili kuupata wote kwenye daftari:

*Kinu chako kidogo kiko juani,*
*nani atakiingiza?*

Nikamuuliza Zuhura, mwanamke mzima ana kinu kidogo cha nini? Akasema pengine ni lugha ya mafumbo, tena mafumbo yasiyofaa, niache kuuliza mbele za watu. Nikaacha. Moyoni sikuacha.

Mwaka huohuo bibi mzaa mama akaletwa kwetu kutoka Mkange. Macho yalikuwa yameingia ukungu, mama akataka atibiwe mjini. Bibi alikuwa mwembamba, maneno machache, hakai bure. Hata haoni vizuri, utamkuta anachambua choroko kwa vidole.

Kwake Mkange redio hakuna. Kwetu akaizoea haraka. Taarifa ya habari aliipenda sana, akisema yule bwana anazungumza vizuri na hamkatizi mtu.

Siku moja baada ya chakula cha mchana wimbo wangu ukapigwa. Mimi mguu unagonga sakafu, mama anakanyaga cherehani kwa mwendo wa ngoma.

Bibi akaweka ungo chini.

Akasikiliza mpaka mwisho, mdomo unafuatisha. Nilimwona kwa macho yangu, wakuu. Mtu aliyekuja juzi kutoka Mkange anafuatisha maneno ambayo mimi nimeyahangaikia miezi miwili.

Wimbo ulipokwisha akasema, "Anamwita mwanangu."

Tukadhani amesinzia. Mama akasimamisha cherehani, akamuuliza mwana yupi.

"Sikudhani," bibi akasema. "Dada yako."

Hapo ndipo nilipojua kuwa mama alikuwa na dada. Yeye mwenyewe alikuwa anajua kwa mbali tu kwamba kabla yake kulikuwa na mtoto aliyefariki. Jina hakuwahi kuambiwa, na hakuuliza kwa sababu bibi hakuwa mtu wa kuulizwa.

Sikudhani lilikuwa jina la mtu. Sisi Pwani nzima tulikuwa tunaliimba kama vile ni kusema "sikutegemea".

Bibi akatueleza kidogo. Mtoto alikuwa wa miaka minne. Aliumwa degedege jioni, asubuhi hakuamka. Alikuwa amechongewa kinu kidogo cha kuchezea, anatwanga mchanga karibu na mama yake. Siku zile za msiba bibi alipokuwa akitwanga jikoni maneno yakawa yanamtoka yenyewe, na ndiyo hayo tuliyoyasikia. Baada ya hapo hakuyaimba tena.

"Wimbo huu ulikuwa jikoni kwangu," akasema. "Tulikuwa wawili tu mle ndani."

Nikauliza wa pili nani. Akaokota ungo wake, akaendelea na choroko.

Kuanzia siku ile bibi akawa mtu mwingine. Redio haitaki tena kwa habari, anasubiri ule wimbo. Kila siku ananiuliza yule kijana anayeuimba anakaa wapi, kwao wapi, umri wake. Mimi nitajua wapi? Nikaandika barua kwenye ukumbi waliokuwa wanapiga kule Dar. Jibu halikuja.

Halafu likatangazwa jambo ambalo sikulitarajia: Idi pili bendi ileile inakuja Bagamoyo, dansi la mchana, saa tisa.

Ikawa kesi nyumbani. Baba hakuwa mkali, lakini alikuwa mtu wa heshima zake. Akamwambia mama kwamba mama mkwe wake hawezi kuonekana mlangoni mwa dansi, tena siku ya Idi, mji mzima unatazama.

Bibi alikuwa chumbani, anasikia yote. Akatuma maneno kwa mama, kwa sababu hakuzoea kusemezana na mkwewe moja kwa moja: "Mwambie mkwe wangu nakwenda kuuliza. Siendi kucheza."

Baadaye baba akaniita pembeni, akasema niende naye mapema kabla watu hawajajaa, nimshike mkono vizuri, kule njiani kuna mawe.

Tukaenda saa nane. Bibi kavaa khanga mpya za Idi, kajifunika vizuri. Ukumbini vijana wa bendi walikuwa wanafunga nyaya. Nikaulizia mwimbaji, akaja kijana wa miaka kama ishirini na nane, shati limepigwa pasi, mpole kabisa. Nitamwita Athumani.

"Shikamoo mama," akamwambia bibi.

"Marahaba, baba. Ule wimbo wa Sikudhani umeupata wapi?"

Athumani akatabasamu. Nadhani alizoea kuulizwa. Akajibu kwa adabu kuwa ameutunga mwenyewe.

Bibi hakubishana. Akauliza taratibu, "Na kinu kidogo umekitoa wapi?"

Tabasamu likamtoka. Akaniangalia mimi, akamwangalia bibi. Akakiri kwamba muziki ni wake, maneno ni ya mama yake. Alipokuwa mdogo mama yake alikuwa akiyaimba anapotwanga, na yeye aliyachukua hivyohivyo akidhani ni wimbo wa mtu aliyeachwa. Ubeti wa kinu hakuuelewa tangu utotoni. Aliuacha kwa sababu uliingia vizuri kwenye gita.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mwanaidi."

"Yuko hai?"

"Yuko Magomeni. Leo asubuhi nimekunywa chai kwake."

Bibi akatafuta pa kukaa. Nikamvutia kreti ya soda. Alikaa pale muda mrefu, wale vijana wameacha kufunga nyaya.

Nikamweleza Athumani kwamba Sikudhani alikuwa mtoto, na huyu ndiye mama yake. Yule kijana alichutama mbele ya bibi akaomba radhi. Akasema bibi akitaka, wimbo ule hautapigwa tena, kuanzia leo.

Bibi akakataa.

"Alipokufa walimjua watu wa nyumba tatu," akamwambia. "Sasa anaitwa mpaka Tanga. Wewe imba. Mimi niletee mama yako."

Tulirudi nyumbani muziki unaanza nyuma yetu. Njiani ndipo aliponiambia lililobaki, na mpaka leo sijui kwa nini alinichagua mimi na si mama.

Mwanaidi alikuwa mtoto wa jirani, kama miaka kumi na miwili, akiishi kwa bibi na kumbeba Sikudhani mgongoni. Siku ile alikwenda naye mtoni mchana wa jua kali. Jioni mtoto akashikwa na degedege. Msiba ulipokwisha, mle jikoni, bibi aliacha kutwanga akamgeukia yule binti akamwambia: wewe ndiye uliyeniulia mwanangu.

Kesho yake shangazi wa yule binti alikuwa anahamia kwenye mashamba ya mkonge kule Pangani, akaondoka naye. Bibi alikuja kujuta baada ya wiki chache. Akaulizia kwa wasafiri mwaka hadi mwaka, hakupata habari. Miaka karibu arobaini, wakuu.

Kumbe alipousikia ule wimbo redioni, hakuwa anamsikia mwanawe tu. Alijua Mwanaidi hakufa.

Ijumaa ya pili baada ya Idi, Athumani akamleta. Mimi nilimtegemea mtu mnyonge, aliyekunjamana. Akaingia mama mnene, sauti kubwa, mkononi kikapu cha mchele na samli, anamsalimia kila mtu mpaka jirani. Alipomwona bibi akashuka kwenye mkeka akamshika miguu. Wakasalimiana kwa kirefu, wakaulizana waliokufa na waliobaki, mahindi ya Mkange, nguruwe pori. Tukala.

Baada ya kula mama alitaka kutuondoa tuwaache peke yao. Bibi akasema hapana, kaeni. Hata baba, ambaye alikuwa barazani, akaombwa asogee mlangoni.

"Mwanaidi," bibi akasema, "siku ile nilikwambia neno. Naomba radhi, mbele ya wanangu."

Mwanaidi akauliza, "Neno gani, mama?"

Bibi akafungua mdomo, neno likagoma. Alijaribu tena, ikawa vilevile. Mama yangu analia hajui analia nini, kwa sababu nilikuwa sijamwambia.

"Mimi nakumbuka ulikuwa unanibakizia ukoko wa wali," Mwanaidi akasema. "Nakumbuka uliniimbisha kuhesabu kwa kokoto. Neno silikumbuki. Lakini kama lilikuwepo, nimekusamehe."

Bibi akashusha pumzi moja ndefu. Msiniulize ilikuwaje, sijaisikia nyingine kama ile.

Jioni nikawa naosha vyombo uani, Mwanaidi akaja kunisaidia. Mdomo wangu nao ndio huo. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kama kweli halikumbuki lile neno.

Akasugua sufuria. Akalisugua pale pale, mahali pamoja palipokwisha kung'aa.

"Sabuni imeisha, mwanangu," akasema. "Niletee majivu."

Nikaenda kuleta majivu.

Bibi aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Macho hayakurudi vizuri, ila wale wawili walitembeleana kila baada ya mavuno. Mimi kwa muda niliona aibu kuucheza ule wimbo. Bibi alinigundua, maana mguu wangu ulikuwa umeacha kugonga sakafu. Akaniambia nicheze, kwani Sikudhani alikuwa mtoto wa vurugu.

Nilichojifunza? Nyimbo mnazozipenda ulizieni zilikotoka. Na mama zenu wakiwa wanaimba jikoni, ulizeni huyo anayetajwa ni nani, wakiwa bado wanaweza kuwajibu. Athumani alilala na kuamka na ule wimbo miaka ishirini na minane, swali moja tu lingetosha.

Lakini kuna swali jingine ambalo mimi sikupata jibu lake, na ndilo limenifanya niandike leo. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kweli kulisahau neno kama lile, halafu akaushika wimbo wote mpaka kinu? Au alilikumbuka neno kwa neno, akaamua bibi asilibebe tena hata siku moja?

Kuna siku naamini hili, kuna siku naamini lile. Ninyi mnaonaje, wakuu? Karibuni.