Nyuki Ndani ya Tanuri la Taka

Ipo siku moja, mwanangu, hainitoki kichwani hata nikilala usingizi wa kushiba. Sogea hapa nikusimulie, maana leo ndiyo umeletwa kazini, umepewa gambuti na glovu, na nimeshakuona unavyokiangalia kile kitufe cha kijani kama mtoto aliyeona pipi.

Usitishike ukisikia wananiita mzee. Shule yangu iliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe tuliachana kwa ugomvi wa hesabu. Kwa hiyo tanuri nitakueleza kama nilivyoelezwa mimi, kwa maneno ya kulia ugali.

Ukiliona kwa mbali kutoka kule mtaani Nsemulwa unaona bomba tu, unadhani ni jiko kubwa la mkaa. Siyo. Ni vyumba viwili. Lori linamwaga taka pale sakafuni, tunachambua: chupa huku, betri kule, makopo yaliyofungwa tunayatenga kwa sababu yanalipuka. Mabichi mabichi tunayaacha yachuje maji kwanza, yasije yakazima moto. Kinachobaki kinaingia chumba cha kwanza, feni inapuliza hewa kwa chini, kinaungua. Sasa ule moshi wake ndio wenye sumu, hauachiwi uende zake kwa watu. Unapitishwa chumba cha pili, chenye moto mkali kuliko wa kwanza, na wenyewe unaunguzwa. Ndiyo, tunachoma mpaka moshi! Mi nilipoambiwa mara ya kwanza nikauliza, na harufu je, hiyo tunaikaanga? Halafu hewa inayobaki inaogeshwa kwa maji, ndipo inapanda bombani. Majivu yanashuka chini, tunayavuta, tunayazika kwenye shimo lile la saruji.

Shika hapa sasa. Chumba cha pili ndicho kinachowashwa kwanza, ili moshi ukifika ukute moto unausubiri. Na hakiwashwi kwa kiberiti. Unabonyeza kitufe, dizeli inarushwa kwa presha, moto unajaa chumba kizima kabla hujameza mate. Anayebonyeza yuko mbele. Chumba kiko nyuma. Haoni kitu.

Enzi hizo, wala siyo zamani sana, mi bado nikijiita kijana kwa lazima, mkubwa wetu hapa alikuwa Mzee Masanja. Msukuma, alishuka huku na ng'ombe za baba yake wakakaa kijijini Kasansa, ng'ombe zikapungua, akaja mjini. Mpole, mzito wa maneno. Alikuwa na desturi moja iliyotuchosha kweli: kabla ya kuwasha anatupanga wote mbele yake, anaangalia sura moja moja. Hata kama mmetoka kunywa chai pamoja sasa hivi, lazima akuone.

Siku hiyo tanuri lilikuwa limelala baridi muda mrefu. Mota ya feni iliungua, ikapelekwa kwa fundi kusukwa nyaya upya, na mvua hazikutusubiri. Taka zilijaa sakafuni zikatoka nje, maji yake machafu yakaanza kutambaa kuelekea kwenye visima vya watu. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabarani, madereva wanapiga honi kama kuna harusi. Mota ilivyorudi, tukahangaika nayo asubuhi yote, ikafungwa, ikazunguka. Na msimamizi wetu wa ofisini, aliye juu ya Mzee Masanja, alishafika, viatu vinameta, simu inalia haikomi.

"Mzee, washa," akasema. "Kipindupindu kikiingia kwenye vile visima, nitakayeulizwa ni mimi."

Mzee Masanja akatupanga. Mi mdomo wangu hauna breki, nikasema, "Mzee, unaita mahudhurio kama mwalimu wa darasa la pili. Leo tulitakiwa tuje na fagio?"

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Kasonso yuko wapi?"

Kasonso alikuwa rafiki yangu, Mkonongo, kwao ni watu wa kurina asali porini kuanzia babu mpaka wajukuu. Tukaangaliana. Dereva mmoja, Jumbe, akasema, "Si ameenda kunywa chai?"

"Umemwona?"

"Mzee, yule kwa chai si unamjua?"

"Nimekuuliza umemwona."

Mzee akaenda kwenye mlango wa kulishia taka, akaingiza kichwa, akaita. "Kasonso! We Kasonso!" Sauti ikazunguka mle ndani, ikarudi yenyewe. Tukaita na sisi, nyuma, juu, chooni. Kimya.

"Mmesikia?" msimamizi akasema. "Hakuna mtu. Wewe hapo, bonyeza!"

Wewe hapo ndiye mimi. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, mwanangu. Honi zinalia, msimamizi anakodoa macho, na mi nawaza kwamba mtu akiitwa hivyo asiitike basi hayupo. Akili ya kidato cha pili.

"Kitoe," Mzee Masanja akasema taratibu.

"Mzee, si tumeita, hajajibu."

"Anayejibu simtafuti. Namtafuta asiyejibu."

Akaja, akafungua boksi la umeme, akachomoa fyuzi, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Msimamizi akawaka. "Mzee, kesho unaweza usiwe na kazi hapa!"

"Sawa, baba. Leo bado ninayo."

Akazunguka nyuma, nasi tukamfuata kama vifaranga. Kule nyuma ya chumba cha pili kuna mlango mdogo, wa fundi kuingilia. Huwa tunaubana kwa bolti. Siku hiyo umerudishiwa tu, bolti ziko chini. Mzee akasimama. Nyuki wawili, watatu, wakatoka kwenye upenyo, wakazunguka kofia yake. Akauvuta mlango kidogo, akamulika kwa simu. Halafu akaniita kwa kidole.

Nikachungulia. Nikaona soli mbili za gambuti. Zimelala. Hazitikisiki.

Niliona msiba kabisa, nikamwona mama yake Kasonso, nikajiona nasimama mbele yake na hiki kidole. Mzee akashika gambuti moja, akavuta. Gambuti ikampiga teke!

Kasonso akatoka kinyumenyume, taratibu, uso ameuzungushia shati, mweusi kama chungu, na ndoo ya masega ya asali mkononi. Akasogea mbali na mlango, akajipangusa nyuki, ndipo akafungua mdomo, tena kwa kunong'ona kwa hasira. "Nyie mna nini? Mnapiga kelele kwenye mzinga uliofunguliwa, mnataka waniue?"

"Ulisikia tunakuita?" Mzee akamuuliza.

"Nilisikia."

"Mbona hukuitika?"

"Mzee, kwetu ukishaweka uso mbele ya nyuki huongei. Pumzi ya mtu ndiyo inawatia wazimu. Hata akuite mama yako, unakaa kimya mpaka umalize. Nilijua mtahangaika na mota mpaka jioni. Wameweka makazi humu tangu tanuri lipoe, nikaona nisiache asali iungue bure."

Hakuna aliyecheka. Mzee akatoa fyuzi mfukoni, akaiweka kwenye kiganja chake Kasonso, akamwonyesha kwa kidevu kule mbele kwenye kitufe. Kasonso akaiangalia, akaniangalia mimi, akachuchumaa pale pale chini. Ndoo ikamponyoka. Simu ya msimamizi ikawa inalia, na yeye amekaa juu ya pipa na viatu vyake, haipokei.

Sasa tumbo langu halina adabu hata kwenye msiba. Nikaona sega limedondoka juu ya gunia, nikanyoosha mkono. Mzee akanipiga kofi la mkono. "Mle ndani umepita moshi wa plastiki na madawa, we unataka kulamba!" Asali yote ikaenda kwenye shimo la majivu. Msimamizi mwenyewe, kwa mdomo wake, akawaambia madereva wasubiri. Kasonso akatafuta mzinga, akawahamisha nyuki, mlango ukabanwa, tukapangwa tena, sura moja moja. Mara hii hata mi nilisimama kama askari. Ndipo tukawasha.

Jioni Mzee akaniita pembeni. "Mdomo wako mzuri, unachangamsha kazi. Lakini kidole chako kilikuwa kinamsikiliza nani?"

Nikakitazama kile kidole, nikakificha mfukoni.

"Kisimsikilize mtu," akasema. "Wala mimi. Kisubiri macho yako."

Basi mwanangu, hilo ndilo nililokuitia. Usimhesabu mtu kwa kuambiwa yupo, wala kwa kuambiwa hayupo. Watu tunaofanya nao kazi kila mmoja amelelewa kivyake, na kimya cha mwenzio kinaweza kuwa na sababu ambayo kwenu haipo. Kwa hiyo nenda ukamwone. Na wewe ukisikia jina lako hapa, itika, hata nyuki awe amekaa kwenye ulimi. Mkubwa akikuharakisha, mwambie sawa, halafu endelea kutafuta. Atakasirika, ndiyo. Hasira za mtu zinapoa. Kile chumba kikishawaka huwezi kumwomba mtu atoke.

Mungu akutunzie macho yako na mikono yako. Akupe wenzio watakaokutafuta hata usipoitika. Na kila jioni akurudishe kwa mama yako unanuka moshi, umechoka, una njaa, mzima.